Mkasi Awe Nao Kijana: Maswali Yenu Kuhusu Filamu na Afya ya Akili

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wanaoendesha vikundi vya filamu vya vijana Mombasa, na kwa mzazi mmoja mwenye hofu ambayo tunaamini si yake peke yake. Majibu yameandikwa na mtengeneza filamu pamoja na mshauri nasaha. Walipotofautiana, tumefuata neno la mshauri.

Assalaam aleikum. Naongoza maskani ya vijana 14 huku Kisauni, wa miaka 15 hadi 21. Wengi wana mawazo mazito, na wawili wametoka kwenye unga wa kulevya juzi juzi. Tuna simu mbili nzuri na wiki 6 za likizo. Nilifikiri kila mmoja akae mbele ya kamera asimulie maisha yake. Nianze vipi?
*Kiongozi wa maskani, Kisauni*

Waaleikum salaam, kaka. Nia yako ni njema, lakini mwanzo huo ugeuze. Kijana akiwekwa mbele ya kamera siku ya kwanza akaambiwa "haya, tueleze yaliyokupata", anakuwa kama shahidi kortini. Anatoa zaidi ya alivyokusudia, halafu usiku hapati usingizi kwa majuto.

Filamu humfaa mwenye mawazo kwa sababu inampa mambo ya kuamua. Kamera isimame wapi? Nani aonekane? Neno gani libaki, lipi litoke? Kijana ambaye kila kitu maishani mwake kimeamuliwa na wengine, au hakiamuliki, hapa anashika mkasi mwenyewe. Tena anapata la kuamkia: Jumamosi saa 3 asubuhi wenzake wanamngoja, maana yeye ndiye wa maiki. Washauri nasaha hutumia njia hiyo hata pasipo kamera, ya kumrudisha mtu kwenye shughuli ndogo zenye saa yake. Mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, akingoja hamu irudi ndipo ainuke, atangoja sana. Hamu huja nyuma ya kazi.

Wagawe katika vikundi 3 vya watu 4 au 5, na uazime simu ya tatu. Saba kwa simu moja ni wengi: watatu watafanya, wanne watatazama, na wanaotazama mara nyingi ndio wenye mzigo mkubwa zaidi. Kila kikundi kiwe na mshika kamera, mshika sauti, mwelekezi na mtunza saa, na kazi hizo zizunguke kila mnapokutana.

Wiki ya kwanza asionekane uso wa mtu. Kila kijana alete shoti 5 za sekunde 10 kila moja, simu imelazwa kwa upana na imetulia: mikono, vitu, mahali anapopata raha. Mtaona ngalawa, sufuria ya mahamri, viatu mlangoni. Mkizitazama pamoja, kila mtu aseme alichokiona tu, si anachodhani mwenzake anaugua.

Wiki ya pili rekodini sauti peke yake. Wiki ya tatu ndiyo ya hadithi. Hapo tunakushauri utumie duara la hadithi, njia iliyokuzwa huko California miaka ya 1990 na Joe Lambert na wenzake. Kila mtu huleta hadithi moja fupi, wengine husikiliza bila kumkatiza, kisha anaulizwa ni wakati upi mmoja katika hadithi hiyo ambao angeweza kuuonyesha kwa picha. Baadaye anaiandika. Maneno 200, yaani kama ukurasa mmoja wa daftari, yakisomwa kwa utulivu hutoka dakika 2 hivi. Zaidi ya hapo mnaoanza hamtaimaliza. Hadithi si lazima iwe ya jeraha. Aliyechagua kueleza alivyojifunza kuogelea asiulizwe kwa nini hakusema ya babake.

Wiki ya nne ni ya kurekodi, ya tano kuhariri, ya sita kutazama wenyewe kwa wenyewe. Panapoharibika zaidi ni wiki ya tano. Kurekodi hula siku zote, basi mtu mzima mmoja anachukua kazi nyumbani anahariri usiku kucha, na vijana wanaletewa filamu ambayo si yao tena. Filamu ya dakika 3 kwa wanaoanza hutaka saa 6 hadi 8 za kuhariri. Tenga saa hizo kwanza ndipo upange mengine. CapCut kwenye simu inatosha.

Hata kijana akihariri vibaya, mwache. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo huko Newfoundland, Kanada, mtengeneza filamu Colin Low aliwarekodi wavuvi waliokuwa wakikabiliwa na mpango wa serikali wa kuwahamisha. Waliorekodiwa ndio waliotazama kwanza, na waliweza kukataa kipande kabla hakijaonyeshwa kwingine. Ni kanuni inayofaa maskani yako vilevile: hakuna anayeonyeshwa klipu ya kijana kabla ya kijana mwenyewe.

Na wale wawili wa unga, usiwape kuigiza tukio la kuvuta au kudunga, wala usipeleke kamera vichochoroni walikokuwa wakikaa. Kuona vifaa na mahali pale huamsha hamu upya hata kwa aliyeacha miezi mingi. Wawe kwenye kuhariri au sauti ya filamu nyingine.

Ndani ya nyumba za Mji wa Kale sauti yetu inavuma kama tuko pangoni, na ufuoni hasikiki mtu. Tunalazimika kurudia mara tano au sita. Hatuna pesa za maiki ghali.
*Kikundi cha wasichana, Mji wa Kale*

Dada zetu, mmegusa jambo kubwa kuliko lionekanavyo. Msichana anayesimulia jambo zito akirudishwa mara sita kwa sababu ya sauti, mara ya kwanza alilisema kwa moyo, ya tatu analikariri, ya sita linamuumiza. Sauti ikiwa tayari kabla hajaketi, mnamwondolea mateso hayo.

Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa laini huirudisha sauti chumbani. Leso moja ukutani haitasaidia, ni nyepesi. Tundikeni blanketi 2 nzito, moja nyuma ya simu na nyingine ubavuni mwa msemaji, wekeni mkeka au zulia sakafuni, na kama pana godoro lisimamisheni ukutani. Chumba cha kulala chenye nguo nyingi kinashinda sebule nzuri. Kisha sogezeni maiki, maana umbali ndio adui wa kwanza. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae shubiri moja chini ya kidevu, isisuguane na buibui wala mkufu. Kama hamna, simu ya pili ikirekodi sauti tu, imewekwa mapajani kwa msemaji na imefunikwa na kitambaa chepesi, inafanya kazi ile ile. Pigeni kofi moja mbele ya simu zote mbili mnapoanza, ili mkihariri mpate pa kuunganisha.

Zimeni feni na friji. Ufunguo wa nyumba uwekeni ndani ya friji, hamtaondoka mkasahau kuiwasha. Pangeni kurekodi kati ya alasiri na magharibi: adhana haitawakatiza kwa saa 2 na zaidi. Kabla ya kuondoka rekodini sekunde 30 za chumba kikiwa kimya, zitaziba mapengo mkikata.

Ufuoni, nendeni kabla ya saa 3 asubuhi, upepo wa bahari haujashika. Miezi ya kusi hata asubuhi unavuma, basi msemaji asimame nyuma ya ukuta au mashua iliyopandishwa, na maiki ivalishwe sponji na soksi ya sufi. Mkiona bado, msibishane na bahari: chukueni picha pale, maneno rekodini nyumbani.

Mtihani ni mmoja. Rekodini sekunde 10, vaeni spika za masikioni, sikilizeni. Hapo tu ndipo msemaji aitwe.

Taa ya darasa inachezacheza kwenye video zetu, ingawa kwa macho haionekani. Simu ni mbovu?
*Mwanachama wa chama cha filamu, Nyali*

Hapana. Umeme wa Kenya ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde, hivyo haviendi sawa. Weka fremu 25 kwa sekunde, au kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga wa kila picha) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde ikiwa simu yako inaruhusu. Ikishindikana, zima taa, mkalishe mtu kando ya dirisha. Saa sita mchana nje usirekodi uso: jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi. Baada ya saa 11 jioni mwanga ni mpole.

Mwanafunzi wangu wa miaka 16 alikuwa akisimulia kifo cha babake mbele ya kamera, akaanza kulia na kutetemeka. Wenzake waliendelea kurekodi nami sikujua kama nikatize. Ni wiki ya pili sasa, haji tena kikundini.
*Mwalimu, Likoni*

Mwalimu, pole kwake na pole kwako. Kulia peke yake si hatari, na wako wanaotaka kumaliza walilolianza. Lakini mtu anapotetemeka, anapohema haraka au macho yanapokodoa kama hayupo pale, katiza. Mshika kamera aishushe simu kabisa, chini, ili anayelia aone kwamba haiko juu yake tena. Kubonyeza kitufe hakutoshi, yeye hajui kama umebonyeza. Wengine watoke, abaki mmoja anayemwamini. Mpe maji. Mwambie akanyage chini kwa nyayo zote mbili, na akutajie polepole vitu 5 anavyoviona chumbani. Hilo linamrudisha hapo alipo. Usimuulize "kwa nini unalia", na usimkumbatie kabla hajaridhia. Asirudi nyumbani peke yake siku hiyo: kama anavuka feri, apatikane wa kuvuka naye.

Utafiti wa mwanasaikolojia James Pennebaker huko Marekani, uliochapishwa mwaka 1986, uliwaweka wanafunzi waandike kuhusu mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku 4 mfululizo. Mara baada ya kuandika walikuwa na huzuni zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida, ingawa miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache. Maana yake kwako ni ya kivitendo. Hadithi nzito isirekodiwe dakika za mwisho za kipindi, wala siku ya mwisho kabla ya kufunga shule. Acheni nusu saa nzima baadaye ya chai na kazi nyepesi, kama kupanga majina ya klipu.

Mwendee yule mwanafunzi nyumbani, wewe mwenyewe au mshauri wa shule, si kundi la wanafunzi. Muulize hali kwanza. Halafu mwambie klipu iko wapi, nani ameiona, na kwamba neno la mwisho ni lake. Akisema ifutwe, ifute mbele ya macho yake, pamoja na kwenye sanduku la vilivyofutwa, ambako klipu hukaa siku 30 au hata 60, na kwenye nakala iliyojihifadhi intaneti. Watu wengi husahau hiyo ya mwisho.

Akitaka kurudi kwenye hadithi ile, kuna mlango mwingine. Asikae mbele ya kamera. Achukue picha za vitu: kikoi cha babake kwenye msumari nyuma ya mlango, kikombe ambacho hakuna anayekinywea, kiti cha barazani saa 12 jioni kikiwa kitupu. Sekunde 10 kila kimoja. Maneno ayaandike kwa "yeye" badala ya "mimi" akipenda, na ayasome chumbani peke yake, au mwenzake amsomee. Tena mkubaliane ishara kabla, tuseme kiganja juu ya goti: akiiweka, kila kitu kinasimama bila maelezo.

Fahamu na mpaka wa kazi yako. Filamu si tiba. Huzuni inayoendelea kwa wiki 2 na zaidi, usingizi na chakula vikibadilika, au maneno ya "bora nisingekuwepo", hayo ni ya mtaalamu. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo, mara nyingi kunampa pumzi. Kwa mtoto, simu ya 116 ya Childline Kenya haina malipo. Kwa yeyote, kuna 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina kitengo cha afya ya akili. Akisema ana mpango, usimwache peke yake hata kidogo.

Mwanangu wa miaka 17 anataka kutengeneza filamu kuhusu ugomvi wa mimi na babake. Siri ya mtungi aijuaye kata. Sasa kata itangaze mtaa mzima?
*Mama, Majengo*

Mama, hofu yako ni ya haki. Sitara ya nyumba ina thamani, na kiongozi wa kikundi asiyeielewa asipewe watoto wa watu. Hata hivyo yaliyotokea humo mwanao naye ameyaishi, na huenda hajapata pa kuyaweka.

Tenganisha kutengeneza na kutangaza. Ridhaa iwe ya maandishi na ya hatua tatu, kila moja na sahihi yake: kurekodiwa, kuonyeshwa kikundini, na kutolewa hadharani. Unaweza kukubali mbili za kwanza ukakataa ya tatu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi aridhie kwa aliye chini ya miaka 18, na aliyeridhia anaweza kuiondoa ridhaa yake. Karatasi ya sahihi moja inayosema "nakubali yote" usiitie mkono.

Kuficha nako kuna ufundi. Mtu akipa mgongo dirisha, taa za ndani zimezimwa, gusa dirisha kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka mwanga ufungwe: anabaki kivuli. Ila kivuli hakifichi kila kitu. Mtaani mtu hujulikana kwa sauti, kwa pete, kwa sare ya shule, kwa mlango wa nakshi uliomo nyuma yake, na kwa leso, maana jirani aliyekuuzia ile leso anajua jina lililoandikwa. Kuivuruga sauti kwa programu si kinga, inaweza kurudishwa. Mwenzake ayasome maneno. Kwa kisa kama chenu tungemshauri mwanao aandike filamu ya kubuni: nyumba nyingine, mji mwingine, kijana awe msichana, ugomvi uwe wa shangazi na mjomba. Ukweli wa moyo wake utabaki, na majirani watakosa pa kuushika.

Akimaliza, kaa naye mtazame wawili. Usijitetee usiku huo. Muulize sehemu ipi ilikuwa ngumu kuitengeneza, umsikilize.

Rafiki yetu alijiua mwaka jana. Tunataka filamu ya dakika 7 ya kumkumbuka, yenye tukio lenyewe ili watu washtuke.
*Vijana 5, Changamwe*

Poleni sana, wadogo zetu. Tukio hilo liacheni kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa watengeneza filamu kuhusu kujiua, na linaonya dhidi ya kuonyesha tendo na njia iliyotumika. Mtazamaji aliye ukingoni hashtuki akarudi nyuma. Anaweza kujifunza na kuiga. Hivyo isiwepo njia, mahali palipotambulika, wala barua ya mwisho ikisomwa. Sababu nayo isiwe moja, mathalani mapenzi au mtihani, kwa sababu hakuna anayefika hapo kwa jambo moja.

Onyesheni dalili ambazo mtu angeziona, na mtu akimwendea mwenzake. Dakika ya kuuliza "unafikiria kujiua?" na ya kungoja jibu ni ngumu kuigiza kuliko kifo, nayo inamfundisha mtazamaji la kufanya. Mwongozo unasisitiza hilo pia: watu wanaovuka dhiki wakapata msaada. Semeni "alifariki kwa kujiua", msimseme kama mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba.

Waombeni familia yake ruhusa kabla ya kuandika mstari mmoja. Asiigize nafasi yake rafiki wa karibu. Namba 1199 na 116 ziwekwe mwishoni kwa sekunde 8, kwa herufi kubwa, mtu apate kuzinakili. Na siku ya kuonyesha awepo mshauri nasaha ukumbini, akitambulishwa kabla taa hazijazimwa.

Tunahitaji kibali?
*Kikundi cha filamu, Bamburi*

Kwa zoezi la ndani ya kikundi, hangaikeni na ridhaa za wazazi kwanza. Filamu ya maonyesho ya umma au ya kuuzwa iko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, na KFCB, bodi ya serikali ya kuainisha filamu, ndiyo inayoipanga kwa umri wa watazamaji. Fort Jesus ombeni ruhusa kwa Makavazi ya Taifa. Kivukoni na bandarini ni maeneo ya ulinzi, msitoe kamera bila idhini.

Kila kijana apewe nakala ya filamu yake. WhatsApp huibana video ikapoteza ubora, basi itumeni kama dokumenti, au mumwekee kwenye flashi.